Tarehe Thelathini, Mwezi wa Pili

Faili elfu nne mia moja na sita.
Nimezihesabu kwa makro, si kwa kidole,
na kidole kikauma vilevile.

Hapa Campbellton dirisha langu linatazama mto Restigouche,
mto ambao miezi minne kwa mwaka ni sakafu:
watu huutembelea, huutoboa, huvua samaki kwenye tundu,
na ofisi humtuma mtu na keekee na rula
apime unene wa barafu, arudi, aandike,
faili ipewe jina la siku ile.

Jina la siku. Ndipo mambo yalipoharibika.

Fernand Doucette alitanguliza siku,
ndivyo mama yake alivyomfunza, kwa Kifaransa.
Wendell Mawhinney alitanguliza mwezi;
kwao mwezi ndio mkubwa wa nyumba, siku hufuata nyuma.
Miaka kumi na tisa meza moja,
birika moja la kahawa, mafua mamoja kila Januari,
na hakuna aliyemuuliza mwenzake:
hii nne ni ya nini, na hii tatu?

barafu_04-03-1996.
Tarehe nne Machi, au tarehe tatu Aprili?

Nikaandika msimbo, mistari kumi na miwili.
Chukua jina. Likate penye kistari.
Kila kipande kikae kwenye seli yake.
Uliza: hii ni tarehe?
Makro ikajibu ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo,
kama mgeni asiyejua lugha ila hataki kuudhi.
Nikaipa mwezi wa kumi na tatu, makusudi.
Ikapindua namba kimyakimya,
mwezi ukawa siku, siku ikawa mwezi,
ikasema ndiyo.

Kumbe sina msaidizi. Nina mnafiki mwenye adabu.

Nikafuta yote. Mara hii sikuiachia neno:
mwezi usizidi kumi na mbili,
siku isizidi kimo cha mwezi wake,
na Februari itaje mwaka kwanza, kabla ya salamu.
Zenye shaka, manjano.
Zisizowezekana, nyekundu.

Za manjano niliziamua kwa barafu yenyewe.
Sentimita sabini na moja, ngumu, ya buluu: Machi, usibishe.
Sentimita ishirini na tisa, imelainika kama mkate uliolowa: Aprili.
Mto haujui Kifaransa wala Kiingereza,
lakini mwezi wa ngapi, unajua.

Ikabaki nyekundu moja.

barafu_30-02-1994.

Nilicheka peke yangu. Thelathini Februari!
Nikaifungua ili nilisahihishe jina, nikalale.
Ndani hamna unene. Kuna saa tu, na kina cha maji,
kila dakika ishirini, tangu saa nne usiku:
mita mbili nukta sita.
Tatu nukta moja.
Tatu nukta tisa, barafu imekwama darajani.
Wendell amekwenda kuwaamsha wa mtaa wa chini.
Nne nukta mbili, Wendell hajarudi.
Nne nukta mbili.
Nne nukta mbili.
Amerudi, kabeba mbwa wa mtu.
Saa kumi na moja alfajiri: inaondoka. Inaondoka.

Nilihesabu kwa kalenda: tarehe mbili Machi.
Faili ya nyuma yake ni ya ishirini na nane,
na kati yao hakuna kitu, wala usingizi.

Nikampigia Fernand, sasa yuko Balmoral kwa bintiye.
Kwanza akauliza kama birika lile bado lipo.
Halafu: “Sikukosea, binti.
Februari ilikuwa haijaisha.”

Mkubwa wangu anataka orodha safi Ijumaa.
Tarehe ya kweli nimeiandika ndani, seli ya kwanza.
Jina sikuligusa.
Makro ikipita pale, inalipaka nyekundu.
Naiacha ipake.